Mdudu Apendaye Miti Iliyonyooka

Mwaka ule wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi, Kigoma nzima ilitafuta nguzo za kujengea, na Anatoli wa Ujiji, mtu ambaye hajawahi kupanda hata mchicha, akawa daktari wa miti. Msicheke. Koti jeupe alilipata kwenye mitumba, na utaalamu wote ulikuwa mdomoni.

Alikuwa ameuona msitu wa Mama Skolastika, nyuma ya Mwandiga: mikaratusi aliyoipanda yeye na marehemu mumewe. Mjane yule hakuwa na mali nyingine. Anatoli akaingia, akagonga shina kwa kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, Mama. Pole sana. Mdudu yumo ndani."

"Marahaba, mwanangu. Mbona simwoni?"

"Ungemwona, mimi ningekuwa na kazi gani?"

Akaipaka chokaa miti themanini. "Hii ikatwe kabla haijaambukiza mingine. Mkataji nitamleta mwenyewe, nami nitaibeba nikaichome mbali. Sitaki hata asante."

Mama Skolastika akaizunguka ile miti polepole. "Huyu mdudu ana macho, baba. Kachagua iliyonyooka tu."

"Ndiyo ubaya wake huo," alisema Anatoli upesi.

Mkataji alikuwa Hatungimana, mkimbizi mwenye msumeno na maneno machache. Ahadi hakuzitaka; alitaka baiskeli ya Anatoli, iwe yake moja kwa moja. Ilimuuma Anatoli, jamani, ilimuuma! Lakini nguzo themanini si mchezo. Akaitoa.

"Kata yenye chokaa, usibakize hata mmoja," akaagiza, kisha akashuka Kibirizi kutafuta lori. Siku zile malori yote yalibeba chakula cha makambini, kwa hiyo alirudi nalo baada ya wiki mbili.

Lo! Miti minyoofu ilikuwa imesimama yote. Iliyokatwa ni ile iliyopinda, iliyodumaa na iliyoliwa na mchwa, na pembeni tanuri la mkaa lilikuwa likifuka moshi.

"Mama, umefanya nini?"

"Si ulisema migonjwa ichomwe? Nimekupunguzia safari. Chokaa uliipaka pasipo pake kidogo, nikaiosha, nikaipaka panapostahili." Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, daktari. Tangu mume wangu afariki sikuwa na nguvu za kuupunguza huu msitu. Sasa mizuri itanenepa. Mwakani uje tena."

Dereva wa lori alicheka mpaka akakohoa, akawasha gari, akaondoka bila abiria.

Anatoli akashika njia kwa miguu, koti begani, hasira tele na aibu kuizidi hasira. Kengele ya baiskeli ikalia nyuma yake.

"Amahoro, muganga," alisalimu Hatungimana kwa Kirundi chake, akifunga breki.

"Wewe! Ulijua?"

"Nilikata yenye chokaa, kama ulivyoagiza." Akaifuta keria kwa kiganja. "Basi panda, jua kali."

Daktari akatazama huku na huku kama kuna anayemwona, akapanda.