Upawa wa Lorene

Jumatatu, 14 Oktoba

Shemeji Velma kanipa daftari hili. Ni dada wa Lorene, mke wangu marehemu. Kasema mwanaume anayekaa peke yake asipoandika mambo yake ataanza kuongea na friji. Sikumwambia kwamba nimeshaanza.

Haya, naandika. Delbert Hruska. Mabry Wells, Texas. Kazi, nachimba mashimo ya nguzo za uzio. Umri, uliza magoti.

Leo habari mbaya. Jirani yangu Odell Pruitt kaegemea uzio (uzio wenyewe nimejenga mimi) kaniambia Jumamosi anaingia tena shindano la kupika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili. Nikamwambia kila la heri. Uongo.

Shida ni upawa. Pale kituo cha zimamoto kuna upawa wa shaba ukutani. Anayeshinda anachongwa jina kwenye mpini. Ukishinda mara tatu unaubeba, unakuwa wako. Lorene alishinda mara mbili, akafariki. Odell naye ameshashinda mara mbili. Akishinda Jumamosi, upawa unahamia jikoni kwake na jina la mke wangu juu yake. Odell atakuwa anachotea mchuzi kwa jina la mke wangu!

Haiwezekani. Nimekwenda kujiandikisha.

Sijawahi kupika chili. Nimekula tu. Miaka thelathini na moja.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa Velma kuiba mapishi. Lorene hakuandika kitu, alipika kwa mkono na pua. Lakini walikulia jiko moja na Velma. Mpango wangu: nimwambie naandika kumbukumbu za Lorene kwenye daftari alilonipa. Atalainika.

Kalainika. Kalia kidogo. Katoa mkate wa mahindi. Umetiwa sukari. Mkate wa mahindi ukitia sukari ni keki, nimemwambia hivyo. Nikala vipande vinne, kwa adabu.

Kasema: nyama ya ng'ombe ya bega, ikatwe vipande vidogo, isisagwe. Pilipili kavu ziloekwe. Kitunguu saumu. Bizari nyembamba. Moto mdogo. Nikaandika kwenye kiganja maana daftari nililisahau nyumbani. Velma kaliona hilo.

Halafu kaniuliza, na maharage je?

Nikacheka. Maharage! Mtu yeyote Mabry Wells anajua msimamo wangu. Chili ni nyama na pilipili. Nimesema kanisani, nimesema kazini, nimesema kwenye msiba wa baba yake Odell. Maharage kwenye chili ni ya mtu ambaye nyama haikumtosha.

Velma kaweka kikombe chini. "Shemeji, nyama yenu ilikuwa inakwisha Jumatano. Na wewe unarudi na njaa ya farasi. Kwenye shindano Lorene hakutia. Nyumbani alichemsha maharage, akayaponda mpaka yakapotea, akachanganya. Wewe ulikuwa unalamba sahani."

Nikamwambia anakumbuka vibaya. Nikachukua kofia yangu.

Miaka thelathini na moja! Siamini. Naandika hapa kwamba siamini.

Jumatano, 16 Oktoba

Kazini kuna fundi mpya, Lowell, katoka Ohio. Wakati wa chakula kasema kwao chili inamwagwa juu ya tambi. Tambi! Juu yake jibini. Nikamwomba anyamaze maana nilikuwa nimeshika koleo la kukatia waya.

Jioni nimepika mara ya kwanza. Nimefuata kiganja, lakini nilikuwa nimetoka jasho kazini, nusu ya maneno yamefutika. Matokeo: juu maji, chini makaa. Nimempa mbwa. Kanusa, katoka nje, kalala chini ya gari.

Nimemwambia friji kwamba siku tatu zinatosha kujifunza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hazitoshi. Leo makaa juu na chini.

Mpango mpya. Nikampeleleze Odell. Nikabisha kwake, nikajifanya natafuta msumeno wangu. Msumeno hajawahi kuazima. Yeye naye akaanza kuutafuta. Nusu saa nzima tumepekua banda, anaomba radhi kwa kuupoteza.

Kwa kuona aibu kanikaribisha mezani. Bakuli la chili, kitunguu kibichi juu, na biskuti za chumvi. Yeye anazivunjavunja ndani. Mimi biskuti za chumvi nasema zikae pembeni, mtu achovye mwenyewe. Nimemwambia. Kasema, "Jirani, kwangu vunja, kwako chovya." Huyu mtu hagombani. Inachosha.

Nikaonja.

Chili ya Odell ni nzuri. Ni nzuri sana. Kwa haki, hakuna wa kumshinda Jumamosi.

Kwa hiyo haki haitatosha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepata! Sheria ya shindano inasomwa kila mwaka kabla moto haujawashwa. Hakuna maharage, hakuna wali, hakuna tambi. Majaji wakikuta haragwe hata moja kwenye kikombe chako, umetoka.

Haragwe moja tu. Odell anatoka, upawa unabaki ukutani. Mimi sihitaji kushinda. Nahitaji ashindwe.

Nimekwenda dukani kununua kopo la maharage. Maisha yangu yote sijawahi kununua. Nililifunika na mfuko wa chakula cha mbwa. Nikageuka, nyuma yangu kwenye foleni yuko Bi Bernice Kubala. Mkuu wa majaji! Mwalimu wa zamani, alinifundisha mpaka nikaacha shule. Macho yake hayajazeeka.

Kauliza, hayo maharage ya nani, Delbert.

Nikasema ya mbwa.

Kaniangalia. "Mbwa wako ana bahati."

Nimechagua maharage kumi, mazima, mekundu. Nimeyafunga kwenye nailoni, nimeyatia mfuko wa shati la kesho. Yaliyobaki nimempa mbwa ili nisiwe mwongo. Kamaliza yote.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi upepo mkali. Wapishi kumi na wawili, meza nje ya kituo cha zimamoto. Meza yangu iko bega kwa bega na ya Odell. Upawa wameuning'iniza mlangoni, unang'aa. Kutoka nilipo nilikuwa naliona jina lake. Lorene H. Mara mbili.

Kila mpishi kapewa kikombe chenye namba na kifuniko. Majaji wanakaa ndani, hawajui cha nani ni kipi. Namba yangu tisa.

Nikapika. Odell kapika. Yangu saa sita ilikuwa maji mekundu yenye nyama inayoogelea. Yake nzito kama udongo mzuri wa kusimamishia nguzo. Alipokwenda kuchukua barafu nikafungua nailoni, nikatia maharage kwenye sufuria yake. Yote kumi. Yakazama. Hakuna aliyeona.

Kisha nikaenda kujificha chooni, watu wasinione karibu. Nimekaa humo karibu saa nzima. Kuna aliyebisha akauliza kama niko salama. Nikasema nasali.

Nikarudi. Muujiza! Chili yangu imekuwa nzito. Ina rangi. Nikaonja. Mwili ukasisimka. Nikasema Lorene, unaniona? Miwani nimeiacha kwenye gari lakini sikuihitaji, ulimi ulitosha. Nikajaza kikombe namba tisa, nikakipeleka kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

Tukakaa kungoja. Odell kaniletea chai ya barafu. Halafu akaniambia, taratibu, nisikasirike, lakini alinisaidia kidogo nilipokuwa chooni. Aliona yangu ni maji na alijua napika kwa ajili ya nani. Akapunguza moto wangu, akanichotea pawa tatu za chili yake. Alichota chini kabisa, kwenye nyama nzito.

Chini kabisa.

Nimeuliza mara mbili. Chini kabisa, Odell? Chini kabisa, jirani. Nilikwangua.

Kabla sijasimama Bi Bernice katoka na kikombe na kijiko. Kijiko kina maharage mawili. Kauliza namba tisa ni ya nani.

Naandika ukweli maana hakuna atakayesoma. Nilikuwa na njia. Ningesema tu, Odell kanimwagia yake, maharage yametoka kwake. Si uongo hata! Waende wakoroge sufuria yake. Angetolewa papo hapo. Upawa ungebaki. Ndiyo niliyoitaka wiki nzima, imewekwa mkononi mwangu.

Na Odell mwenyewe kasimama. Kashika kofia kifuani. Kaanza, "Bernice, mimi ndiye..."

"Ni yangu," nikasema. "Nimeyatia mimi. Nayapenda."

Watu wakacheka, mmoja akapiga kelele kwamba Hruska kabatizwa upya. Bi Bernice kaniuliza, ni yale ya mbwa? Nikasema tunakula pamoja.

Sijui kilichoniingia. Akili ililala. Kosa kubwa kuliko yote ya wiki.

Odell kaangalia mfuko wa shati langu. Nikaangalia pia. Ganda la haragwe, jekundu, limeganda kwenye kitambaa. Nikalipangusa. Nadhani hakuelewa.

Odell kashinda. Kaubeba upawa. Mimi nimebeba sufuria yangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikwenda kanisani. Leo wote wangeongea maharage.

Nimepasha moto ile chili iliyofukuzwa. Chakula hakitupwi. Maharage saba yamebaki, nimeyahesabu, miwani nimevaa. Nilitaka kuyatoa. Badala yake nikayaponda kwa mgongo wa kijiko mpaka yakapotea, kwa hasira tu. Nikaonja.

Nikaweka kijiko chini.

Ni meza ya Alhamisi. Ni mimi nimerudi na vumbi la mashimo, na Lorene amesimama pale pa jiko anasema ongeza, ipo tele. Kila Alhamisi ilikuwa tele. Sikuwahi kuuliza kwa nini Jumatano nyama imekwisha na Alhamisi chili ni tele.

Kumbe nyama haikunitosha mimi.

Mbwa kaja kaniwekea kichwa kwenye goti. Tukakaa.

Mchana Odell kabisha. Mkononi ana upawa, kaufunga kwenye taulo safi. Kasema mkewe hana nafasi ukutani. Uongo, ukuta wao nimeupaka rangi mimi, naujua, ni mpana kama ghala. Kasema una jina la Lorene mara mbili, ukae nyumbani kwake. La kwake Odell liko mara tatu lakini halimsumbui.

Nikamwambia pita ndani. Nikamchotea chili kwa upawa. Kavunja biskuti ndani ya bakuli, nikamwacha.

Alipofika mlangoni kageuka. "Jirani, upepo wa hapa ni mkali sana."

Nikasema kweli.

"Unapeperusha vumbi. Makaratasi. Jana nadhani ulipeperusha hata maharage. Nimekuta moja chini kabisa ndani ya sufuria yangu."

Nikasema upepo wa Oktoba hauna adabu.

"Hauna," kasema. Kavaa kofia, kaenda.

Masikini Odell. Hajui kitu. Kweli anadhani ni upepo.

Jumanne, 22 Oktoba

Upawa nimeupigilia juu ya jiko. Jina la Lorene linatazama mezani. Friji sasa siongei nayo sana.

Kazini Lowell wa Ohio kauliza kama ni kweli natia maharage. Nikamweleza vizuri, mara ya mwisho: chili ni nyama na pilipili, maharage ni ya mtu ambaye nyama haikumtosha, na yale ya Jumamosi yalikuwa ajali. Kasema sawa, mzee.

Nikapita dukani. Makopo sita ya maharage. Ya mbwa.

Nimempelekea Velma upawa auone. Kalia tena. Nimekula mkate wake wa sukari, vipande vitano. Kaniuliza kama kuna kitu nimejifunza wiki hii, aandike kwenye barua kwa ndugu. Nimefikiri sana. Nikamwambia ndiyo: usiende chooni muda mrefu.

Kanipa pia habari. Mei kanisa lina shindano la pai ya pichi. Lorene alilishinda mara moja, taji lake bado liko kanisani. Na nani kajiandikisha wa kwanza? Odell Pruitt! Mtu niliyemlisha chili juzi!

Sasa, Odell sukari anaiweka kwenye debe jeupe, rafu ya chini, kushoto kwa mlango. Niliona siku ile ya msumeno. Chumvi na sukari kwa macho ni kitu kimoja.

Hatashuku. Atasema ni upepo.