Kitawi kwa Bibi Idalina

Alhamisi, 18 Juni 1874. Cabula, Bahia.
Nimepata mke! Yaani, karibu. Bibi Idalina, mjane mwenye shamba zuri la mteremkoni, ametangaza mbele ya watu: atakayemletea kitawi cha mchungwa wa kitovu, ule usio na mbegu, aubebeshe mdanzi wake wa matunda machungu, yaani akiunganishe juu ya shina lake, ndiye atakayeketi naye kwenye moto wa Mtakatifu Yohane. Kuketi hivyo ni posa, kila mtu anajua. Kasoro moja tu: mchungwa huo anao jirani yangu Belarmino. Hanipi hata kivuli. Naye pia anamtaka Idalina!

Ijumaa, 19 Juni.
Nimechukua machungwa yangu ya kawaida, nikayachimba vitovu kwa kijiko na kutoa mbegu zote kwa sindano ya kufumia. Kazi safi! Idalina kashika moja, likamvujia gauni zima. Amesema aliomba kitawi, hakuomba majeruhi.

Jumapili, 21 Juni.
Belarmino yuko kanisani. Mimi niko shambani kwake! Nimekata kitawi kinono kuliko vyote, kimenyooka, kina afya, pale chini kabisa shinani. Ngazi ya nini? Kina miiba mirefu, imenichana hadi sikio. Dalili ya mti wa ukoo bora.

Jumanne, 23 Juni. Mkesha.
Moto, mahindi ya kuchoma, watu tele. Nimekitoa kitawi kwa madaha. Idalina akaitazama miiba, akauliza nilikata wapi. Nikajibu kwa majivuno: chini kabisa! Watu wakaangua kicheko. Belarmino akanikumbatia.
"Asante, jirani. Mgongo unaniuma wiki nzima, nikawa najiuliza nani atanikatia hayo machipukizi ya mdanzi."
Kumbe mchungwa wake naye umebebeshwa juu ya mdanzi. Chini ya kiungo, yote ni danzi tupu! Nimempelekea danzi mwenye mdanzi wake. Belarmino akatoa kitawi chake cha juu, wakaketi pamoja. Nimelia, na haukuwa moshi.

Alhamisi, 25 Juni.
Furaha imerudi! Sokoni nimekutana na bwana mmoja wa Cachoeira, muungwana kabisa. Harusi ya Idalina na Belarmino bado haijatangazwa, na mimi nina mteremko wangu mwenyewe. Bwana huyo ameniuzia mfuko mzima wa mbegu za mchungwa usio na mbegu. Anasema ni adimu mno, na hilo hata mtoto angeliamini. Kesho alfajiri napanda. Belarmino atakoma!