Mwanya Wangu na Wageni wa Kizimkazi

Jamani, leo nimeadhirika. Si kuadhirika kwa kuteleza njiani, mtu akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Nimeadhirika nyumbani kwetu, sebuleni, nimevaa dera jipya, mbele ya watu waliokuja kunitazama kama nafaa kuolewa. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani. Mama bado hajaanza kusema, na akishaanza sitapata nafasi tena.

Wanaonijua wanajua nina mwanya. Kwa wasionijua, meno yangu mawili ya mbele, ya juu, hayasemezani. Katikati yao njiti ya kiberiti inapita bila kuinama. Kwetu Unguja huo ni uzuri, nimeambiwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Mama anao, na alinirithisha kwa fahari kama alivyonipa jina la marehemu mama yake. Nami nilikuwa nauona sawa tu, mpaka ofisini kwetu Malindi, ninakokata tiketi za boti, walipotundika bango jipya.

Picha ya bango ni mimi. Nimekaa nyuma ya kioo, natabasamu, tiketi mkononi. Ila aliyelitengeneza, huko kwenye kompyuta yake, aliuona mwanya akadhani ni kasoro ya picha. Akauziba. Watu wakaja wote kunipongeza, "Asya, umetoka vizuri." Hakuna hata mmoja aliyegundua kilichopungua, na hilo ndilo lililoniuma. Ikawa kila asubuhi napita chini ya yule Asya wa bango, meno yameshikana, nahisi yeye ndiye mwajiriwa na mimi ni jamaa yake niliyekuja kumsalimia.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za meno mtandaoni. Nimesoma kuliko nilivyowahi kusoma kwa ajili ya mtihani wowote. (Ningesoma hivyo skuli, leo mimi ndiye ningekuwa daktari, na haya yangempata mwengine.)

Sasa kuna Haji. Haji ni fundi wa mafriji na viyoyozi, kwao Kizimkazi. Alikuja siku moja kutengeneza kiyoyozi cha ofisi, na tangu siku hiyo kiyoyozi kikawa kinaharibika kila mara, sijui kwa nini. (Najua.) Nampenda Haji, niseme tu wazi, maana leo sina cha kuficha kilichobaki. Wiki hii akaniambia kuwa mama yake na bibi yake watakuja leo alasiri kuniona. Wakiridhia, ndipo wanaume walete posa.

"Mama hana taabu," akasema. "Lakini mwenye neno ni Bibi. Bibi akikataa, imekwisha."

Mtu mwenye akili, akisikia hivyo, anafua mapazia. Mimi nilikwenda kwa daktari wa meno.

Mama nilimuaga nakwenda Darajani kununua iliki. Daktari ni mama mmoja mpole, sauti ya chini, mikono haina haraka. Nikamuonyesha mwanya na kumwambia nataka ufungwe, tena leo. Akanitazama kidogo, kisha akaanza kunieleza taratibu.

"Waya za meno ndiyo njia inayosogeza jino lenyewe," akasema. "Lakini ni kazi ya miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Na ukishazivua, lazima uvae kifaa cha kushikilia. Usipokivaa, mwanya unarudi."

Nikafikiri, kumbe hata mwanya una kwao. Nikamwambia wageni wanafika alasiri.

"Kuna vigamba vyembamba, vinabandikwa mbele ya meno. Vinapendeza sana. Ila mara nyingi tunalichonga jino kwanza, na jino likishachongwa halirudi kuwa vile."

Hiyo nikaiacha. Nikamuuliza kuhusu ile mipira midogo ya kufunga meno, maana mtandaoni kuna msichana aliyejifunga nayo akawa anacheza muziki.

"Usithubutu," akasema. Ndiyo mara moja tu aliyopandisha sauti. "Mpira unapanda kwenye ufizi huuoni, unakula mzizi, unapoteza meno mazima. Hapo utakuwa na mwanya wa kupita mkono."

Ya mwisho ilikuwa ile dawa nyeupe ya kuzibia meno. Inapakwa pembeni mwa kila jino, inakaushwa kwa taa ya buluu, inasuguliwa, basi. Ni ya kikao kimoja, haina kuchonga, ingawa inachakaa na kubadilika rangi upesi kuliko vigamba. Nikasema hiyo hiyo. Daktari akasema hafanyi jambo la mdomo wa mtu kwa pupa. Atanibandikia ya majaribio tu, bila gundi, nijione kwenye kioo, kisha ataitoa nikafikiri.

Akaibandika. Akanipa kioo. Wallahi, alikuwa yule Asya wa bango, yuko hai, anapumua.

"Niachie nayo mpaka kesho, daktari," nikamwomba. Nilimwomba kwa sauti ambayo mama yangu hajawahi kuisikia.

Akakataa. Nikabembeleza. Akakubali kwa shingo upande. "Haya. Lakini nnakwambia, hii haikushika. Usitafune kigumu, na hasa usile kitu cha kunata. Kesho uje."

Nikaitikia naam, naam, kama mtu anayesikiliza.

Nyumbani kwetu ni Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege. Nilirudi nimeushika ushungi mdomoni. Mama akauliza nina nini, nikasema mafua. Akanichemshia tangawizi na kuendelea kupanga vikombe. (Iliki nilisahau. Hakuuliza, alikuwa na mengi.) Nilikaa jikoni mchana kutwa nikijibu kwa kichwa.

Baada ya alasiri wakafika. Mama yake Haji ni mtu wa upole, anakaa pembeni ya kiti kama anaogopa kukichosha. Bibi Mize, bibi yake Haji, ni mwembamba, mgongo umenyooka, na macho yake hayana haja ya miwani ya mtu. Mama akaniita. Nikatoka na sinia. Kahawa, visheti, na sahani ya halua, ile nzuri ya kuvutika, ukiinua kijiko na yenyewe inakuja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Na hapo nikatabasamu. Nililiachia tabasamu lote, lile la bango.

Bibi Mize akanitazama mdomoni. Akatazama tena. Akamgeukia mkwewe, mama yake Haji, naye akatazama mkeka. Nilidhani wamevutiwa.

"Huyu ndiye Asya?" Bibi akamuuliza mama yangu.

"Ndiye, Bi. Mize."

"Una binti mwengine?"

"Ninaye mdogo wake, kaolewa Pemba."

"Aa," akasema Bibi Mize.

Mama akageuka kunitazama, kuona nimefanya nini. Birika la kahawa likasimama hewani. Aliuona mdomo wangu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Macho yake yalisema mengi, na sitaki kuyaandika hapa.

Bibi akaweka kikombe chini. "Mie si mtu wa kuficha. Haji kanambia msichana ana mwanya. Kanisifia mwanya huo mpaka nikamwambia nyamaza tule. Nimetoka Kizimkazi kuja kuutazama. Sasa hapa siuoni." Kisha akasema polepole, kama anayesimulia habari za jirani, "Kaka yangu, Mungu amrehemu, alionyeshwa mdogo akaozwa mkubwa. Mpaka anakufa alikuwa akikutana na shemeji yake, anaangalia chini. Sie tangu siku hiyo tunatazama vizuri."

Nikaelewa. Walidhani wameletewa mtu siye. Mimi mwenyewe, Asya, nyumbani kwetu, nadhaniwa ni Asya wa uongo.

Ilikuwa saa ya kusema kweli. Sentensi moja tu ingetosha. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Bibi, huenda Haji hakuona vizuri."

Mtu anashughulika na nyaya za umeme kutwa, nasema haoni vizuri.

Mama yake Haji akainua uso kwa mara ya kwanza. "Haji haoni? Tangu lini?"

"Si kwamba haoni, mama. Yaani, labda mwanga wa ofisini."

"Na mie alikuwa akinambia anaumwa na kichwa," akamwambia mama yangu.

Bibi Mize hakushughulika na macho ya Haji. Akapiga pale pembeni mwake. "Hebu njoo ukae hapa."

Nikakaa. Akamega halua kwa vidole vyake, pande la kushiba, akalisogeza mdomoni mwangu. "Kula, mjukuu wangu."

Mnajua wenyewe. Bibi mzaa baba wa mtu unayetaka akuoe akikulisha kwa mkono wake, hukatai. Hata kama una kisukari, unakula kwanza, ukapime baadaye. Nilijaribu kuipokea kwa pembeni, kwa magego. Bibi akaifuata huko na kuirudisha katikati. Nikauma kwa yale meno ya mbele. Yeye akavuta mkono, kama mtu anavyofanya, halua ikavutika kati yetu, ikarefuka, na ndani ya kichwa changu nikasikia kitu kinasema tak.

Hapo hapo ikapita ndege.

Wageni wa kwetu wanajua, ndege ikipita Kiembe Samaki hakuna anayesikia la mwenzake. Mnasubiri. Basi tukasubiri. Bibi Mize ameinua mkono, kwenye vidole vyake kuna kipande cha halua, na juu ya halua kuna kitu kidogo cheupe. Anakitazama. Mama yake Haji anakitazama. Mama yangu anatazama dari. Mimi nimefunga mdomo, halua imejaa, nawaza kama dirisha la nyuma linanitosha. Ndege ilikuwa ya wazungu, kubwa, haikwishi.

Ilipokwisha, Bibi akasema kwa utulivu, "Mama Asya, mtoto wako kang'oka jino."

"Si jino, Bibi," nikasema. "Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

Nikaeleza. Nilieleza yote, daktari, bango, iliki, na halua bado mdomoni. Sauti ilikuwa inatoka na upepo wake wa kawaida, nilikuwa nimeusahau kwa siku moja. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Cheka nione," akasema.

Nikacheka. Yaani nilifungua mdomo. Kicheko kilikuwa hakipo. Bibi akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani penye mwanga, akainama. Akauchungulia mwanya wangu uliojaa halua kama anayechungulia kisima.

"Ndiye," akamwambia mkwewe. "Haji anaona vizuri."

Nilidhani yameisha.

"Sasa nambie mwenyewe," akasema Bibi, bado ameshika kidevu. "Kipi chengine kimebandikwa?"

"Hakuna, Bibi."

Akalowesha kidole kwa mate, akapitisha kwenye nyusi yangu ya kulia. Nusu ya nyusi ikabaki kidoleni. Akaionyesha sebule nzima. Akaingia kwenye kope. Kope ni zangu, haki ya Mungu, lakini alizivuta kuhakikisha. Kisha akasema, "Vua ushungi." Nikavua. Akashika msuko mmoja, akaufuata kwa vidole kutoka utosini mpaka chini kabisa.

"Nywele zako hizi?"

"Za mwanzo zangu, Bibi."

"Zinaishia wapi?"

Nikamuonyesha. Si mbali na sikio.

Mama yangu alikuwa ameziba uso kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika. Mpaka sasa sijui kama alikuwa analia. Mama yake Haji naye alikuwa anauma mdomo. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa kazini.

Alipomaliza, akanikalisha sawa, akanirudishia ushungi kichwani kwa mkono wake, akaufunga vizuri. "Mzuri," akamwambia mama yangu. "Sijui nani kamwambia si mzuri. Tutawaambia wanaume waje."

Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Nikajizuia, maana wanja ungechirizika, na Bibi angenipangusa aone nini kimebaki.

Walipokwisha kuondoka, simu ikaita. Haji.

"Asya, mama ananipeleka hospitali ya macho kesho asubuhi. Analia. Umewaambia nini?"

Nikamwambia aende tu, kupima si vibaya.

Daktari wangu nimemtumia ujumbe kwamba kesho siji, mwanya nimeuacha ulivyo. Akanijibu sawa, akauliza kile cha majaribio kiko wapi, kisije kikamezwa. Nimemjibu kimesafiri. Maana Bibi Mize, wakati anaaga, nilimwona anakipangusa halua, anakifunga kwenye pindo la kanga, akamwambia mkwewe kuwa wenzake lazima wakione, hawatamwamini kwa maneno matupu.

Kwa hiyo wenye jamaa Kizimkazi, nawaomba jambo moja tu. Mkipigiwa simu mkaambiwa kuna bibi anapitisha kijino nyumba kwa nyumba, msiseme mnanifahamu.