Jinsi Tulivyowawakilisha Akina Mama

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye amekwama kwenye tope la Bashay lakini kiti chake kipo na soda yake imeshafunguliwa, Ndugu Katibu wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko hukohuko kwenye tope akimsukuma, Ndugu Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Utamaduni, Sanaa na Michezo, kamati ambayo mimi Nicodemo Margwe nimekuwa Mwenyekiti wake tangu izaliwe na sijaona dalili ya kuchoka, Baba Paroko, Mzee Saleh, uliyetuazima kipaza sauti ukakifuata mwenyewe kukilinda, Ndugu Meneja wa shamba la ngano, uliyetoa trela la trekta ninalolitumia kama jukwaa, mabwana shamba, mabwana mifugo, walimu wakuu na walimu wasio wakuu, wazee mliopata viti na wazee mtakaopata mwakani, wananchi wa Dongobesh mliokuja kuuza ng'ombe mkafungiwa mnada ili mnisikilize, na huko nyuma kabisa, karibu na josho, akina mama wasanii, ambao ndio sababu ya sherehe hii: nawasalimu wote kwa pamoja!

(Makofi kutoka viti vya mbele. Ng'ombe mmoja. Sauti ya mama kutoka joshoni: "Sijasikia shikamoo.")

Huyo ni Mama Efrazia Sulle wa Maretadu, mwenye ile sketi. Shikamoo, Mama Efrazia.

("Marahaba. Sketi yangu iko wapi?")

Suala la sketi limo ndani ya hotuba, mama yangu, tena limepewa ukurasa wake. Hatuwezi kulirukia kabla ya utangulizi, maana hotuba bila utangulizi ni ugali bila maji.

Ndugu wananchi, utafiti wa kina uliofanywa na Kamati yangu kwa njia ya kukaa na kutafakari umebainisha kwamba katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa za kisasa, mwanamke msanii amebaguliwa kwa kiwango cha kutisha. Ukiingia kwenye majumba hayo ya ng'ambo, kuanzia mlangoni mpaka chooni, majina yote ukutani ni ya wanaume. Siwezi kusema mwanamke hayupo. Yupo ndani ya picha, amelala kwenye kochi, mara nyingi bila nguo (akina mama wanaguna, Baba Paroko anatazama milima), lakini aliyeshika brashi ni mwanaume, aliyeandika jina chini ni mwanaume, na anayesifiwa kwenye magazeti ni mwanaume. Kamati iliposikia hayo ilikasirika sana. Ikaagiza chai, ikauliza: hadi lini?

(Makofi.)

Ndipo siku moja ya neema, redio ya upepo ya shamba la ngano ikapokea ujumbe kutoka makao makuu. Aliyekuwa zamu ni kijana wetu Nikolausi, Mwiraqw safi wa hapahapa kwetu, ambaye aliuandika kwa mkono wake na kuuleta mbio kwa baiskeli. Ujumbe ulisema hivi, nanukuu: "Kutakuwa na maonyesho ya kimataifa ya sanaa za kisasa huko ng'ambo. Wilaya itoe ujumbe. Akina mama wawakilishwe." Mwisho wa kunukuu.

Ndugu wananchi, sikilizeni neno hilo: wawakilishwe. Kamati ililichambua neno hilo kutwa nzima, kiambishi kwa kiambishi, pamoja na chakula cha mchana. Halikusema akina mama waende. Makao makuu yangetaka waende yangesema waende, nauli si tatizo la sarufi. Limesema wawakilishwe, na mtu anayewakilishwa hawezi kuwapo, kwa sababu akiwapo, yule anayemwakilisha atakuwa amefuata nini? Kwa hiyo, kwa kuzingatia miongozo, implimentesheni, na heshima tuliyonayo kwa mama zetu, tuliteua ujumbe wa wanaume watupu.

(Minong'ono. Mwanamke mmoja anacheka mpaka anashika tumbo.)

Cheka, dada, ila takwimu hazicheki! Kabla ya hapo uwakilishi wa wanawake wasanii wa wilaya hii kimataifa ulikuwa sifuri. Baada ya hapo umepanda hadi asilimia mia na ishirini, na hiyo ishirini ya juu ni dereva. Nilikwenda mimi mwenyewe kama kiongozi wa msafara. Alikwenda Ndugu Gervasi, bwana mifugo, kwa kuwa sketi ni ngozi, na ngozi ipo chini ya idara yake. Alikwenda Ndugu Hamis Shumbana, kwa kuwa shanga zilinunuliwa dukani kwake, kwa hiyo kisanaa yeye ni baba mdogo wa sketi. Hakuna upande wa kazi hiyo uliosahauliwa.

("Na aliyeishona?")

Ninakuja, Mama Efrazia, ninakuja. Ni kweli ujumbe hauwezi kwenda kwenye maonyesho mikono mitupu. Ndipo Kamati ikateremka mpaka kwa wananchi wa chini, yaani Maretadu, ikaingia nyumbani kwa mama huyu, ikakunywa togwa, ikaonyeshwa sketi. Nataka niseme kwa dhati ya moyo, na hili halimo kwenye hotuba: niliona haya kuishika. Ngozi ya ndama imelainishwa kwa samli na viganja mpaka imekuwa nyepesi, shanga nyeupe, nyekundu na buluu zimepangwa mstari juu ya mstari hadi kwenye pindo, na ukiitikisa inasema kama mvua ndogo juu ya bati. Mama akatueleza kuwa ameishona kwa ajili ya binti yake Letisia, na kwamba kwa mila ya nyumba yao binti hatoki kwenda kwa mume mpaka mama yake amfunge sketi aliyomshonea mwenyewe. Akasema tuipeleke ng'ambo, watu waione, waulize nani ameishona, kisha turudi nayo kabla ya harusi.

("Harusi ni Jumamosi hii!")

Hongera sana! Kamati inatuma salamu. (Miguno. Akina mama wanasogea kutoka joshoni.) Naomba mbaki mlikopangiwa, itifaki ina maana yake.

Sasa tuje kwenye maonyesho. Ndugu wananchi, ng'ambo kuna maendeleo! Jumba lenyewe ni kubwa kiasi kwamba mnada wote huu, na ng'ombe wake, ungekaa kwenye varanda. Nilitegemea kuona picha na vinyago. Nikakuta sanaa imeshapita huko kitambo. Kulikuwa na kazi moja ya chuma, yenye visahani vikali vimepangwa mstari, ambayo niliielewa mara moja kuwa inahusu njaa duniani. Kulikuwa na nyingine ya mabomba na matundu, inatema mbegu, ikizungumzia uzazi. Na katikati ya ukumbi ilisimama kazi kuu, nyekundu, ndefu kuliko kanisa la Dongobesh, mbele ina meno yanayozunguka, juu ina kibanda cha kioo, nyuma inatoa makapi. Niliizunguka mara nyingi. Nikamwambia Ndugu Gervasi, huyu msanii ana uchungu mkubwa moyoni.

(Sauti nyingi: "Kombaini hiyo, ya kuvunia ngano!" "Mwenyekiti, umeona kombaini!" Kicheko kirefu. Meneja wa shamba anafuta macho.)

Mnacheka kwa sababu hamjasafiri! Sanaa za kisasa zimefikia kiwango ambacho mtu asiye na upeo hawezi kuzitofautisha na kombaini. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Hata mimi, Gervasi aliponinong'oneza kwamba vitu hivi tunavyo kwenye mashamba ya Basotu, vinapita kila msimu vikitimua vumbi, nilimkemea. Nilimwambia sisi hatukuja kuangalia, tumekuja kuwakilisha.

Na tuliwakilisha! Kila kazi mle ndani ilikuwa na kibandiko chenye jina. Tukapewa na sisi kibandiko kimoja cha sketi. Nafasi ilikuwa ndogo, ndugu zangu, jina moja tu, na kwa mujibu wa kanuni za uwakilishi jina la mwakilishi ndilo jina la mwakilishwa likiwa limevaa viatu. Tukaandika: N. Margwe, Tanzania.

(Sauti ya Mama Efrazia: "Wewe hujui hata kupenyeza uzi kwenye sindano.")

Naheshimu mchango wako, mama. Nami nakupa habari njema: sketi yako ilipewa nafasi ya juu. Haikuwekwa ukutani na vitu vya kawaida. Wenyeji wetu walipanda ngazi ya ile kazi nyekundu wakaitandika kwenye kile kibanda cha kioo, kwenye kiti, na mkurugenzi mmoja mnene akaikalia, akapigwa picha, akasema ni laini kuliko zote alizowahi kukalia.

(Kelele. Akina mama wamepita viti vya wazee. Mama Efrazia: "Niliianza siku nilipojua nina mimba ya mtoto huyu. Nilishona mchana nikiwa na jembe begani, nikashona usiku macho yakiuma. Kabla yenu hakuna mwanaume aliyewahi kuigusa, na ninyi mmempa mtu akaikalia!")

Mama, tulia, hiyo ndiyo inaitwa impakti! Na naomba ieleweke kwamba hatukuitupa. Yule mkurugenzi aliipenda asiweze kuiachia, na sisi, kwa moyo wa kubadilishana utamaduni baina ya mataifa, tukabadilishana. Wao wamebaki na sketi. Sisi tumerudi na hili koti la sufu mnaloliona limenivaa, lenye vifungo vya pembe, ambalo ninalivaa kwa niaba ya akina mama wote wa wilaya hii, hasa asubuhi.

(Kelele zinazidi. Ndugu Hamis Shumbana anaonekana akielekea dukani kwake kwa haraka.)

Nafupisha. Katika awamu ya pili Kamati itajenga Kituo cha Kimataifa cha Wanawake Wasanii hapa Dongobesh, ghorofa tatu, chenye ofisi ya Mwenyekiti, chumba cha kupumzikia Mwenyekiti, na, bajeti ikiruhusu, dirisha la kupokelea kazi za akina mama. Sanaa ni uti wa mgongo! (Hakuna anayeitikia.) Mwanamke msanii, hoyee! (Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia: "Hoyee.") Wawakilishwe! Wawakilishwe! Wawakilishwe!

Kabla sijashuka, niruhusuni nitoe shukrani. Nawashukuru wenyeji wetu wa ng'ambo, ambao siku ya kuagana walituuliza kwa upole tungependa kuagiza majembe mangapi ya kukokotwa na trekta. Namshukuru Meneja wa shamba, ambaye jana ndiyo kanionyesha ujumbe wenyewe ukiwa umepigwa taipu, na inaonekana makao makuu walisema maonyesho ya zana za kisasa, na kwamba akina mama wakulima wawakilishwe wakajionee mashine. Zana. Namshukuru kijana Nikolausi, ambaye alisikia vizuri kabisa, ila sisi wa huku, kama mjuavyo, zeti na esi tumezilea katika zizi moja, na mtu akisema sana hujui kama anataka jembe, anataka kinyago, au amependa tu kupita kiasi. Nasi katika Kamati tuliposoma, kila mmoja alisoma kwa mdomo aliozaliwa nao. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi akina mama wasanii kwa uvumilivu wenu, na nawaomba mrudi majumbani na mioyo myeupe, kwa sababu maonyesho ya sanaa hayakuwapo, hayakuwahi kupangwa na mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna mwanamke hata mmoja wa wilaya hii anayeweza kusimama mbele ya watu akasema aliachwa.

(Mama Efrazia Sulle anapanda trela.)

Mama, juu hapa ni pa viongozi. Mama Efrazia. Shikamoo, mama.

("Marahaba. Vua koti.")

Koti hili ni mali ya utamaduni, haliwezi kuvuliwa bila kikao cha...

(Akina mama wamelizunguka trela. Mwenyekiti anavua koti. Mama Efrazia analitandika juu ya mbao, anakaa juu yake, ananyoosha miguu. "Sasa waambie. Nani aliishona?")

Ni mama huyu hapa.

("Ana jina. Sema kwenye kipaza sauti, Letisia yuko kule mbali.")

Ndugu wananchi. Sketi ilishonwa na Efrazia Sulle wa Maretadu.

("Tena.")