Ombi la Kuvunja Ukuta wa Sebule Kabla ya Sherehe ya Précieuse

Précieuse wangu amekuwa injinia wa majengo! Injinia kamili wa miaka mitano ya chuo kikuu, si wa kozi za jioni. Barua ya kuthibitisha imefika juzi. Nimeivisha nailoni na kuisimamisha mbele ya televisheni, na anayetaka kujua mpira umeishaje lazima aisome kwanza.

Haya, sasa naweza kusalimu.

Kwa Bwana Lennart, Msimamizi wa Nyumba.
Nakala: ubao wa matangazo wa kanisa letu, ili na wengine wajue.
Husby, tarehe 16 Mei 2011.

Mheshimiwa Bwana Lennart,

Hujambo? Na ule mgongo uliokusumbua siku ulipokuja kuangalia bomba la joto, umepona? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, na sababu umeshaisoma hapo juu. Ukitaka unaweza kuisoma tena.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiswidi changu ni cha kazini, kwenye kituo cha wazee. Kinatosha kumwogesha mzee na kumwomba ainue mguu wa pili, lakini hakitoshi kudai ukuta. Précieuse atakuja Jumapili kutafsiri, kama alivyotafsiri barua zetu zote tangu akiwa mtoto. Ukikuta neno kali, ni langu. Ukikuta Kiswidi kizuri, ni chake.

Shida yangu ni ukuta ulio kati ya sebule yangu na chumba ninacholala na Baba Précieuse. Naomba kwa heshima zote uondolewe kabla ya sherehe. Sababu zangu nimezipa namba, maana nimeambiwa kwamba pale ofisini kwenu barua isiyo na namba husomwa na mtu huku akitembea kwenda kuchukua kahawa.

1. Sebule. Ni meta nne kwa tano. Aliyeichora, sijui kama bado yu hai, alidhani binadamu ana marafiki wanne, na hao wanne hawaji siku moja. Orodha yangu ina watu mia moja na kumi, na hapo nimeshawatoa wale tusiosalimiana. Nilipopiga simu kwenu, binti mmoja mwenye sauti nzuri akanishauri nikodi ukumbi. Bwana Lennart, ukumbi naujua. Rafiki yangu Mama Cliff, Mkenya wa Hjulsta, alikodi ukumbi mwaka jana mwanawe alipomaliza uuguzi. Viti vilifungwa riboni mpaka miguuni. Ilipofika saa mbili kamili akaingia bwana mmoja mwenye funguo, akaanza kuzima taa moja baada ya nyingine, mimi nikiwa na paja la kuku mkononi sijajua nilipeleke wapi. Mama Cliff ananiambia mpaka leo, "Lakini si mlikula?" Tulikula, ndiyo. Nusu tulikula kwa macho, nusu kwa kupapasa.

Na hata kama ukumbi ungekuwa wa bure na una taa za milele, sherehe hii ni lazima ifanyike kwangu. Sababu iko namba mbili.

2. Kinu. Tafadhali fungua faili letu, utaona barua ya mwaka 1998. Hukuiandika wewe, wakati ule labda ulikuwa unacheza mpira. Ilisema kelele za kutwanga zimelalamikiwa na jirani wa chini, na kwamba zisipokoma tunaweza kupoteza nyumba. Mimi natwanga sombe, Bwana Lennart. Ni majani ya muhogo. Yanaletwa mabichi kwa ndege kupitia Brussels, na yale ya barafu yaliyosagwa na mashine siyataki, yana ladha ya karatasi iliyonyeshewa. Kinu chenyewe tulipewa na mama mmoja Mburundi wa Hallunda aliyekuwa anahama.

Précieuse alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa hapa mwaka mmoja na nusu tu, na Kiswidi chake kilishatupita mimi na baba yake tukiunganishwa. Alisimama katikati ya sebule akasoma ile barua kwa sauti. Alipofika kwenye neno la kutolewa, akaacha kusoma. Baba yake akamwambia, "Soma, mama, inasemaje?" Akaikunja. Mwishowe akasema, "Watatutoa," na machozi yakafuata.

Mimi nilishatoka kwenye nyumba moja kule Uvira wakati wa vita nikimshika mtoto huyo mkono, na mkono wa pili nina sufuria, basi. Sikuwa tayari kumwona akipanga tena nguo zake. Nikamwambia: hakuna wa kututoa hapa. Wewe soma, na siku utakayomaliza, watu watakuja kucheza juu ya sakafu hii hii unayoililia.

Sikujua nitatimizaje. Lakini mtoto alifuta pua, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji. Akasema, "Twanga, Mama." Nikatwanga. Yeye akalala kifudifudi, akaiweka glasi sakafuni karibu na kinu, anaangalia maji. Katikati ya chumba maji yaliruka kama mafuta ya moto. Karibu na dirisha yakatetemeka. Tukahama, tukahama, mpaka tukafika kwenye ukuta huo ninaoulalamikia. Nikatwanga kwa nguvu zangu zote, na maji yakalala. "Hapa," akasema.

Tangu siku ile kinu hakijabanduka hapo, juu ya zulia lililokunjwa mara nne, na barua nyingine hatujaiona. Hata Bibi Gunvor wa chini, yuleyule aliyelalamika, nilipougua homa wiki mbili alipanda ngazi na bakuli la supu kuuliza mbona hatutwangi. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema uinjinia wa mtoto wangu umetoka chuo kikuu, nacheka. Ulianzia kwenye glasi yangu. Chuo kikuu kimeupaka rangi tu.

3. Uvivu wa ukuta. Sasa tuje kwa mhusika mwenyewe. Nimeishi naye miaka kumi na minne na sijamwona akifanya kazi. Ukuta wa jikoni unabeba makabati, sufuria, saa, na kalenda ya duka la samaki. Huu haubebi kitu, na si kwamba hatukuupa nafasi. Baba Précieuse alitaka kutundika picha ya harusi yetu. Alivunja misumari ya drili mitatu, akapata tundu la kutosha sindano. Ukuta wa jikoni unapigiliwa kwa kisigino cha kiatu! Tena jikoni ukuta una unene wa vidole vinne, ukiugonga unaitika kama ngoma. Huu una karibu shubiri nzima, na ukiugonga haujibu, unakuumiza tu vidole. Mnene, mgumu, mkimya, na hafanyi kazi. Mtu wa namna hiyo kwenye kituo chetu cha wazee angeshafukuzwa.

4. Kosa limerudiwa. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya ya nyumba yetu. Nikashuka kwa Bibi Gunvor: ukuta ule ule, mahali pale pale. Nikapanda kwa Bwana Method, Mtanzania wa ghorofa ya nne: upo, ameuegemezea jokofu. Nikaenda mpaka chini kabisa tunakoweka baiskeli, nao umesimama hapo gizani, unene ule ule, hata picha ya kutundikiwa hauna. Yaani fundi mmoja alikosea kwenye msingi, na wengine wote wakanakili kosa lake mpaka kwenye paa, hakuna aliyeuliza. Hii si haki kwa wapangaji. Kwa hiyo naongeza ombi langu: uondolewe kwa wote, kuanzia kwenye baiskeli. Bibi Gunvor atapata sebule ya kutosha kualika ukoo wake, ingawa sijawahi kumwona akialika zaidi ya paka.

5. Uzito wa wageni. Najua utaniuliza kama sakafu itawabeba watu mia moja na kumi. Umemuuliza mama wa nani! Kazi ya mwisho ya Précieuse chuoni, kurasa tisini na nne, nimezigusa zote, inahusu jambo hilo hilo: sakafu zinavyotikisika watu wakicheza. Alinieleza mezani kwa vijiko na kitambaa. Watu wakisimama kimya, uzito wao ni ule wa kwenye mizani. Wakiruka pamoja kwa mdundo mmoja, wanakuwa wazito kuliko walivyo, na sakafu inaanza kupokea mdundo. Sasa kwetu zawadi haiachwi mezani na kadi kama kifurushi cha posta. Wageni wanaingia kwa mstari wakicheza, zawadi kichwani, mguu mmoja kwa wote, kwaya inaimba. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo nilipotumia akili. Wachezaji wote, pamoja na wale wakubwa wa mwili ambao siwataji, wenyewe wanajijua, nitawapitisha kando ya ukuta, pale maji yanapolala, baada ya kuuvunja.

Unaona hakuna hatari yoyote.

6. Namba hii nimeifuta. Ilimhusu mtu anayebandika vikaratasi vya matusi ya adabu kwenye chumba cha kufulia, na Baba Précieuse amesema haihusiani na ukuta.

7. Kazi yenyewe haitawasumbua. Baba Précieuse na Vainqueur, yule mpiga gitaa wa kwaya, wameshaazima nyundo mbili kubwa. Mstari nimeuchora mwenyewe kwa chaki, umenyooka. Tunangoja sahihi yako tu. Usipojibu hadi Ijumaa ya wiki ijayo, nitaelewa kwamba umekubali ila unaona aibu kuandika.

Nisalimie mkeo, binti wa simu mwenye sauti nzuri, bwana wa kubadilisha taa za ngazi, na yule aliyechagua rangi ya ngazi zetu, mwambie nimemsamehe. Wapokee salamu pia wote watakaosoma nakala hii kanisani, hata wasiokuwa kwenye orodha.

Ni mimi kwa unyenyekevu, mama wa injinia,
Adrienne, ghorofa ya tatu

N.B. Leo Jumapili Précieuse amekuja kutafsiri. Ameisoma akiwa amesimama katikati ya sebule, pale pale alipolia mwaka ule. Namba mbili aliisoma polepole, akaniangalia, akaendelea. Namba tatu akaanza kucheka. Namba nne akakaa chini. Namba tano hakuimaliza, alizichukua nyundo zote mbili akazifungia kwenye gari lake, akarudi akipumua kama mtu aliyemnyakua mtoto mbele ya gari.

Akasema, "Mama, kinu kimekuambia miaka kumi na tatu, wewe hukusikia." Kumbe yule mvivu ndiye anayefanya kazi kuliko wote. Amebeba sakafu ya Bwana Method na jokofu lake, anashikilia yetu, amesimama juu ya mwenzake wa Bibi Gunvor, naye juu ya mwenzake wa kwenye baiskeli, mpaka ardhini. Ndiyo maana ni mnene, ndiyo maana wamefuatana mahali pamoja, ndiyo maana maji yalilala pale. Nilikuwa nimejitwangia juu ya bega lake miaka yote, halafu nikaomba aondolewe. Nikauliza, na wa jikoni je, unaobeba makabati? Akasema ule unajibeba wenyewe na rangi yake, lakini hiyo si ruhusa.

Kwa hiyo Bwana Lennart, nafuta namba moja hadi tano, na namba saba. Namba sita naomba kuirudisha. Chaki nimeisugua, imebaki alama ndogo, ukija usiiulize.

Sasa injinia wetu amepanga hivi. Kula na kukaa ni uani, chini ya madirisha yetu, kwa maana ardhi, amesema, inaweza kubeba hata kwaya yetu. Ninachokuomba ni ufunguo wa bomba la maji la nje, basi. Zawadi zitapandishwa juu na watu ishirini kwa zamu: wanaingia mlangoni wakicheza, wanapita kando ya ukuta, wanaweka, wanatoka, wengine ishirini wanafuata. Précieuse atasimama ameuegemea ukuta huo, glasi ya maji sakafuni mbele yake. Maji yakiruka, atainua mkono, na kwaya itapunguza miguu. Nilimwahidi watacheza juu ya sakafu hii, na watacheza, ishirini ishirini, mpaka mia moja na kumi waishe.

Bibi Gunvor analeta ile keki ya kijani ya sherehe za Waswidi na ameomba kutwanga kidogo. Mama Cliff alete viti vyake, riboni aziache Hjulsta. Nawe njoo na mgongo wako, kiti chako kimewekwa kwenye ukuta, hakuna mahali imara kupita hapo. Wote wanaosoma hii kanisani, mliokuwa kwenye orodha na niliowakata, tusalimiane tu yaishe, mje: Jumamosi, tarehe 11 Juni, saa nane mchana.