Ingia kwa Zamu

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Alhamdulillahi! Leo mimi Shakuru nimekuwa mkubwa. Madame Epiphanie, mwenye depo yetu ya sabuni na mafuta ya kupikia hapa Zone Industrielle, ameniita bironi, ofisini kwake, akanikabidhi kamera zote za usalama. Zimefungwa juzi tu, bado zinanukia plastiki. Kwaheri kupanga makatoni! Sasa mimi ni shefu wa usalama. Neno "shefu" hakulitamka. Alisema, "Angalia hizo kamera." Maana ni ileile.

Kazi hii nimeipataje? Kwa ulimi. Madame aliuliza nani anajua mambo ya kamera, nikajibu kabla hajamaliza: mimi, nilizizoea nilipokuwa Kigoma. Kigoma nilikaa kwa mjomba. Alikuwa anatengeneza redio. Kamera, redio, vyote vina waya. Na huko ndiko nilikopata Kiswahili sanifu, kitu ambacho hapa Buja, yaani Bujumbura, ni adimu.

Ila kuna sharti. Ijumaa asubuhi anakuja bwana wa bima kukagua. Kamera ziliuzwa na sifa zake: mtu akivuka mstari wa geti king'ora kinalia, kamera inageuza shingo kumfuata anakokwenda, na wewe uliyekaa ndani unaweza kusema na aliye nje, sauti ikatokea kwenye kamera. Madame anataka vyote vionekane. Visipoonekana, hakuna bima. Na mimi, amesema kwa upole kabisa, nitakwenda Kajaga, kwenye banda lake la ndagala, wanahitaji mtu.

Kajaga! Kushinda na samaki wakavu mpaka kofia inuke! Na Fatouma, mke wangu, keshatangaza mtaani kwetu Buyenzi nzima kwamba mumewe ni shefu.

Haitafika huko. Fundi Térence, aliyezifunga, ameniachia majina mawili ya kuingilia kwenye kompyuta. Moja ni "directeur", la pili ni "zamu", mot de passe, yaani neno la siri, ni ileile. Nilicheka. Zamu! Ndivyo watu wa hapa wanavyomwita mlinzi. Kwetu zamu ni Muzee Népomuscène, yule wa koti refu na rungu anayefungua geti. Mimi niingie kwa jina la rungu? Nimeingia kama directeur, bila shaka. Picha safi! Geti, ua, hata paka anayelala juu ya mifuko. Butoni za sifa sijaziona bado. Kesho.

Nimemtoa Népo kwenye kiti cha ofisi, kile cha magurudumu. Ni kiti cha kamera. Amenuna.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Yayaya. Butoni hazipo. Nimetafuta juu, chini, pembeni. Kuna ya kukuza picha na kuna ya kutoka. Basi.

Nikapata wazo. Kamera ni za China. Pengine sifa zake zimebaki kwenye lugha ya kwao. Nikageuza kompyuta iwe Kichina. Sikuona sifa. Sikuona na njia ya kurudi. Asubuhi nzima nikabonyeza zile herufi zao zilizo kama vijumba, mpaka mchana nikatokea kwenye Kireno. Nimeiacha hapo. Kireno ni Kifaransa chenye mafua, nakielewa kidogo.

Népo akaja kusimama nyuma yangu. Akauliza, eti shefu, hii mashini inagonjwa? Nikamwambia arudi getini. Akasema mi naenda, lakini kile kiti kilikuwa kinasaidia mugongo wangu. Mzee ana kinyongo huyu!

Ikabidi nimpigie Térence. Yuko Gitega anafunga kamera nyingine, simu inakatika-katika. Nikamweleza kwa ukali kwamba kazi yake ni mbovu, sifa za kamera hazipo. Akauliza niliingilia wapi. Nikajibu, mlangoni. Akacheka, sijui kwa nini. Kisha sauti ikapasuka, nikashika maneno machache tu, na aliyarudia kwa nguvu: ingia kwa zamu, shefu! Kwa zamu! Ikakatika.

Hapo nimemvulia kofia. Mutu wa mkoani Ngozi kujua Kiswahili kizuri namna hii! Kwa zamu, yaani moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Kumbe kamera ziliingia zote pamoja zikasongamana mlangoni! Dawa ni kuzizima zote, kisha kuziingiza kwa zamu. Hapa Buja nani mwingine angeelewa? Leo nalala kwa raha.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Mgongo unaniuma. Nimepanda ngazi mchana kutwa. Nachomoa waya wa kamera, nashuka, nasubiri, napanda, nachomeka, naihamisha ngazi. Jua kali, siku hizi mvua imekwisha kabisa. Népo ameshika ngazi huku akipiga miayo. Kila nilipopanda aliuliza natafuta nini. Kila nilipojibu alisema, ehee.

Kamera ya ukutani niliigonga kwa kiwiko, ikageuka. Bahati mbaya tu.

Baada ya saa moja Madame akapiga simu kutoka kwake Kinindo. Yeye huziona picha kwenye simu yake. Akauliza kwa nini depo yake imekuwa mti wa avoka. Nikamjibu kwamba ni mafunzo: wezi hupenda kujificha mitini, kamera lazima izoee. Halafu akauliza kama naijua njia ya Kajaga.

Nikarudi mbio kwenye kompyuta. Kamera zote zimeingia kwa zamu, kwa adabu, na butoni hazipo! Kwa kweli niliogopa. Térence simu imezimwa.

Nyumbani mambo ni mabaya zaidi. Fatouma amenishonea shati na kuninunulia tai. Mama mkwe atakuja Ijumaa kula pilau na mkwewe shefu, mama mkwe ambaye siku ya posa aliuliza kama nina kazi au nina maneno tu. Fatouma akaniangalia, akasema, Baba Yasmina, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema hamaanishi kitu, ila ameona shingo yangu wiki hii imenyooka sana.

Methali nzuri. Haihusu kamera.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Nimeamka na mpango. Sifa kama hazipo kwenye kamera, zitatoka kwa binadamu! Népo ajifiche na firimbi nyuma ya geti. Mgeni akivuka mstari, piiii! King'ora hicho. Na sauti ya kamera itakuwa yangu, kutoka nyuma ya makatoni ya sabuni, kupitia foneli ya mafuta. Shingo ya kamera nitaigeuza kwa kamba.

Népo akakataa. Eti mi niko zamu, siko kamera. Nikamsihi. Akakataa. Nikamrudishia kiti cha magurudumu kwa siku moja, akakubali hapohapo.

Mazoezi. Nikavuka mstari. Kimya. Nikarudi, nikavuka tena kwa kukanyaga kwa nguvu. Kimya. Nikachungulia: Népo amelala kitini, firimbi mdomoni, kila akipumua inalia kidogo kama kifaranga. Nikaenda nyuma ya makatoni kujaribu foneli. Ilikuwa na mafuta. Na vumbi la sabuni likanipanda puani, nikapiga chafya mpaka machozi. Kamba nayo ilikatika.

Saa kumi na moja jioni nikakaa mbele ya kompyuta, nimechoka, nanuka alizeti, naiona Kajaga mbele yangu. Ndipo likanijia wazo ambalo sijivunii. Kwa kweli najivunia kidogo. Nitaingia kwa jina la zamu, nitavuruga kila kitu, na kesho nitasema: Madame, tazama, jina la aliyegusa ni zamu! Aende Kajaga yeye. Ni mzee, ndagala ni nzuri kwa mifupa. Nilimhurumia kidogo. Kisha nikaandika z, a, m, u.

Subhanallah!

Butoni! Zimejaa! Zimejipanga pembeni mwa picha moja baada ya nyingine: ya mstari, ya shingo, ya mdomo, na nyingine ambazo hata hatukuahidiwa. Nilikaa chini sakafuni. Nililia, sioni haya kuandika. Siendi Kajaga! Siendi!

Nikabonyeza ile ya mdomo, nikasema allo. Nje, kamera ya geti ikanguruma: ALLO. Nikamwona Népo kwenye picha anadondosha kikombe cha chai, anapiga magoti, anaita Yezu Mariya, anamwitikia Mungu, ndiyo Mukama wanje. Nikamwambia kwa sauti nzito arudishe kiti. Akakirudisha mbio! Niseme nini tena? Ni kamera bora duniani.

Térence akapatikana baadaye. Akaeleza kwamba jina la directeur ni la kutazama tu, maana wakubwa wakipewa butoni huharibu. Anayekesha na kamera ni zamu, kwa hiyo butoni zote ziko kwa zamu, na ndivyo alivyoniambia tangu Jumanne. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima. Kumbe jamaa Kiswahili chake kibovu kama cha wengine tu! Kwa nini hakusema wazi?

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Tumeokoka!

Bwana wa bima anaitwa Patrick, ana miwani na hacheki. Akavuka mstari wa geti, king'ora kikalia, akaruka. Akatembea uani, kamera ikamfuata kwa shingo. Nikabonyeza mdomo, nikamkaribisha kwa sauti ya heshima, akaivulia kamera kofia. Hata kompyuta imerudi kwenye Kifaransa, Térence kairudisha mwenyewe kwa intaneti, akiwa Gitega. Madame anatabasamu! Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Kisha yule bwana akainama kwenye kompyuta. Juu kabisa, kwa herufi nene, kuna jina la aliyeingia. Akasoma: zamu. Akauliza, zamu ndiye nani?

Jasho likanitoka ndani ya shati jipya. Nikisema ni mimi, jioni Buyenzi nzima itajua kwamba mkwe wa mama Fatouma ni mlinzi wa geti. Nikajifanya nanyoosha tai. Madame akanitazama. Ndipo sauti ikatoka mlangoni: ni mi! Népo, kofia mkononi. Alisikia cheo chake kinaitwa, akaja.

Patrick akamshika mkono kwa mikono miwili. Akasema amekagua depo nyingi, hajaona zamu anayezijua mashini namna hii. Népo akashukuru, murakoze, murakoze cane, bila kuuliza anasifiwa nini. Na Madame akaamuru hapohapo: kile kiti cha magurudumu kuanzia leo ni cha zamu.

Sawa. Roho iliniuma, lakini kidogo tu. Bima imepatikana. Kajaga haikutajwa hata mara moja. Nimeswali Ijumaa safu ya mbele, na tai yangu. Moyo mwepesi! Jioni pilau, mama mkwe kala sahani mbili, akaniita shefu kwa mdomo wake mwenyewe. Fatouma akauliza kama niliinama. Nikamwambia yote yalikwenda kama nilivyopanga.

Jumatatu, tarehe 19 Mei

Amani tupu. Nimelala vizuri, nimekunywa chai, nimekaa kwenye katoni la sabuni mbele ya kamera zangu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua. Kila nikifungua kompyuta, naitwa zamu. Asubuhi zamu, mchana zamu. Mutu aliyeokoa depo! Nikampigia Térence, nikamwagiza alifute jina la zamu kabisa na kunitengenezea jipya linalonifaa: Directeur Général. Akanisihi. Eti shefu, nakuomba, jina likipanda butoni zinashuka. Wivu huo. Nikamwambia afanye kama alivyoambiwa. Akapumua kwenye simu, akafanya, hukohuko Gitega.

Nimeingia kama Directeur Général. Linapendeza! Picha safi kuliko zamani.

Butoni hazipo.

Madame amepiga simu sasa hivi. Bwana Patrick amefurahi hata anamleta mkubwa wake Alhamisi, aje kuona kamera zinavyosema. Nikamjibu bila wasiwasi, Madame, hakuna tatizo. Wiki iliyopita ningetetemeka. Leo mimi ni mzoefu, nayajua magonjwa ya kamera hizi na dawa yake.

Népo nimemwamsha kitini, alete ngazi. Tunaziingiza kwa zamu.