Kufungiwa Mlango na Mtoto Wetu Akiwa Ndani

Metrine Waliaula,
Muuza Samaki, Kondele,
Kisumu.

Kwa Hakimu wa Kesi za Watoto.

Mheshimiwa,

KUH: MALALAMIKO YA UMMA JUU YA MTOTO AKINYI

Pokea heshima za akina mama wa chama chetu cha samaki wa kukaanga. Sisi tu wazima, ila hasira. Nimechaguliwa kuandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu mwenyekiti wetu, Mama Dolphine, akikasirika kalamu yake hutoboa karatasi.

Juzi tulifunga biashara mapema, tukavaa nguo za kanisani, tukaja kortini kusikiliza kesi ya mwimbaji Absalom na Lornah, yule mtangazaji wa redio, ambao wameachana na sasa wanagombania mtoto wao Akinyi. Mlangoni askari akatuambia kwamba kesi za watoto husikizwa faraghani, wanaingia wenyewe tu. Tukamweleza kwa upole kwamba wenyewe ndio sisi. Akacheka. Kicheko hicho ndicho kimenifanya ninunue karatasi hii, na malalamiko yetu ni haya:

1. Mtoto jina tulimpa sisi. Lornah alipojifungua aliweka picha mtandaoni akawaomba mashabiki wachague jina. Mimi nilipiga kura, na simu ya mume wangu nayo ikapiga, ingawa mwenyewe alikuwa amelala. Akinyi likashinda. Sasa, Mheshimiwa, kama umekulia huku kwetu unajua kwamba aliyempa mtoto jina haitwi mgeni. Huletewa mtoto amwone, hupewa kiti, huchinjiwa kuku. Sisi kuku hatujadai. Tunadai kiti tu, humo ndani ya korti yako.

2. Tumemlea. Jino lake la kwanza lilipoota tuliliona kwenye simu, na lilipong'oka tuliliona pia. Alipougua surua tulimwombea kanisani, nikamtumia mama yake ushauri mrefu ambao hakuujibu, lakini mtoto alipona. Siku yake ya kwanza shuleni alilia sana, na hapa Kondele samaki wa Mama Dolphine wakaungua wote kwa sababu yeye naye alikuwa analia. Jamaa wa damu wangapi wamepata hasara ya namna hiyo? Wala usidhani watoto siwajui. Mjukuu wangu Jentrix, ambaye ni wa umri huohuo, anakaa nami Kaloleni kwa muda, kwa sababu ambazo hazimhusu mtu.

3. Uamuzi tulishautoa. Ili tusikuchoshe, kesi tuliisikiliza wenyewe tukingoja wateja. Ushahidi tulikuwa nao wote: video ya Absalom akisema ananyimwa mtoto, video ya Lornah akisema mtoto akienda kwa baba hurudi hajaoga, na shahidi mmoja anayemjua mtu aliyewahi kumfulia Lornah nguo. Ikabainika wazi kwamba mama ana haki. Ikabainika wazi vilevile kwamba baba ana haki. Basi tukagawanyika, Timu Mama upande wa kivuli, Timu Baba upande wa jua. Tangu hapo Emmaculate wa Timu Baba ameninyima kisu cha kutolea magamba, nami nimemnyima chumvi. Mteja huulizwa yuko timu gani kabla hajawekewa ugali. Mmoja alisema hawajui hao watu. Tulimwekea mkia.

4. Hakuna hata mtu mmoja aliyetuuliza sisi tunaumia vipi.

5. Kwa kuwa wazazi wameshindwa kuelewana, na kwa kuwa chama chetu pia kimeshindwa kuelewana, tunaomba mtoto apewe umma. Hatutamsumbua. Aje Kondele kila Jumamosi, akae kwenye kiti cha Mama Dolphine, na kila timu imuulize mbele ya watu wote nani anampenda zaidi, baba au mama. Simu zitakuwa tayari. Akinyamaza tutarudia swali. Akilia tutamnunulia soda, kisha tutajadiliana alikuwa anamlilia nani.

Tunatumaini utaona busara ya ombi hili na kutufungulia mlango kabla kesi haijaendelea. Msalimie karani wako, wasalimie wa nyumbani, wasalimie na mawakili wa pande zote mbili. Yule askari msalimie pia, ingawa hastahili.

Wako mtiifu, bado nikiwa nje,

Metrine Waliaula,
Katibu (Timu Mama).

N.B. Sehemu hii sijakisomea chama. Alhamisi utaletewa kesi nyingine, ya mwanangu Wandera na mkewe Achola. Anayegombaniwa ni Jentrix. Mheshimiwa, naomba sana ufunge mlango. Majirani wa Kaloleni watakuja, nawajua, na watakuwa wamevaa vizuri. Watasema walileta sabuni na uji alipozaliwa. Mama mmoja atasema ndiye aliyemfundisha kutembea, na ni kweli, lakini haimpi ruhusa ya kuingia. Siku hizi nikifika bombani kuchota maji wananyamaza wote. Jana nikiandika barua hii Jentrix alikuwa kando yangu akifuatisha maneno kwa kidole, maana ndio kwanza anajua kusoma. Alipofika pale pa timu akasimamisha kidole, akaniuliza, "Kukhu, na siku yangu wewe utakuwa timu ya nani?" Nikamwambia bibi yake hana timu, ale ugali unapoa. Hakula. Wandera ni mtoto wangu, Achola nampenda, na huyu mdogo nampenda kuwapita wote wawili, na sitaki naye aulizwe nani anampenda zaidi, si na mimi wala na mtu yeyote. Funga mlango, na lile dirisha linaloangalia barabara pia. Yule askari wako umwache palepale aliposimama. Anaifanya kazi yake vizuri.